Rangi na Jirani Yake: Namna ya Kutazama Picha Zisizo na Umbo la Kitu



Siku moja, baada ya somo, mfratri mmoja aliniletea picha iliyokatwa katika gazeti. Miraba minne ya rangi ya manjano, mmoja ndani ya mwingine, basi. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba. Chini yake jina la mchoraji: Josef Albers. Mfratri akaniuliza: «Padri, hii nayo ni picha? Mtu huyu ametaka kutuambia nini?» Wenzake wakacheka. Mmoja akasema kwamba mdogo wake wa kalasi ya kwanza angeweza kufanya vile kwa rula na makaratasi.

Ulizo lake si la kuchekwa. Picha za namna hii, zinazoitwa abstrakti, zimekwisha kuingia katika majumba makubwa ya Ulaya na Amerika, na hata katika nyumba za Mungu. Mwaka 1948 mchoraji Alfred Manessier alianza kutia vioo vya rangi visivyo na sura ya mtu katika kanisa la kijiji cha Les Bréseux, Ufaransa. Tangu siku zile wakristu wengi wamesimama mbele ya rangi tupu, wakauliza kama mfratri wetu. Padri au katekista atakayeulizwa, atajibu nini? Akisema «ni upuuzi», amehukumu bila kusikiliza. Akisema «ni nzuri sana» kwa sababu wasomi wamesema hivyo, amedanganya. Yafaa tujifunze kutazama kwanza, kisha tuhukumu.

I. RANGI HAIKAI PEKE YAKE

Tuanze na neno moja la kweli, lisilo shauri la wachoraji peke yao. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia, Michel-Eugène Chevreul, aliwekwa msimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, mjini Paris, mahali palipofumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Wafumaji walikuwa wakinung'unika: nyuzi nyeusi hazina nguvu, zikifumwa kando ya buluu na violeti zinafifia. Chevreul akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine. Akaona rangi yake haina kasoro. Basi kosa liko wapi? Halikuwa katika sufuria ya rangi. Lilikuwa katika ujirani. Nyeusi ile ile, ikihamishwa mahali pengine, ilikuwa nyeusi kweli. Mwaka 1839 Chevreul akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Fundisho lake kwa ufupi ndilo hili: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake aende mbali nayo. Penye weupe, jirani huonekana mweusi zaidi. Penye wekundu, jirani wa kijivu hupata dalili ya kijani.

Msiniamini mimi; jaribuni wenyewe. Twaeni karatasi kubwa mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Kateni vipande vidogo viwili katika karatasi moja ya kijivu. Wekeni kimoja katikati ya nyeusi, kingine katikati ya nyeupe. Kisha mwite mwenzenu asiyejua, mumwulize kipande kipi kimeng'aa zaidi. Atawaonyesha kile kilicho juu ya nyeusi, tena bila kusita. Mkimwambia ni karatasi moja, atakataa mpaka avishike mkononi na kuviweka bega kwa bega.

Wale wanaotunza sakristia wanaweza kujaribu kwa mavazi ya Misa. Kasula ya violeti ikilazwa juu ya kitambaa chekundu, huelekea ubuluu. Ikilazwa juu ya kitambaa cha buluu, huelekea wekundu. Vazi halikubadilika hata uzi mmoja.

Kuna jambo jingine la ajabu zaidi. Kaza macho juu ya doa jekundu muda wa nusu dakika, kisha hamisha macho upesi juu ya ukuta mweupe. Utaona doa la kijani, au la kijani na buluu kwa pamoja. Hakuna aliyelipaka pale. Jicho lako lililochoka na wekundu limelizaa lenyewe.

Maana yake ni nini? Ni kwamba rangi tunayoiona si kitu kilichotulia juu ya ubao kama jiwe juu ya meza. Ni jambo linalotendeka kati ya rangi, jirani yake, mwanga, na jicho la anayetazama. Mbele ya picha ya mtu au ya mti hatulitambui, kwa kuwa akili inakimbilia jina la kitu: «huyu ni Petro, huu ni mtende». Mchoraji wa abstrakti anaondoa jina. Anatuachia lile jambo peke yake, tulione.

II. ALBERS NA MIRABA YAKE

Josef Albers alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Bottrop, Ujerumani, katika jamaa ya kikatoliki. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi na wa kazi nyingine nyingi za mikono, na mwana alijifunza kwake. Alikuwa mwalimu wa watoto, kisha mwanafunzi na mwalimu katika chuo cha Bauhaus. Chuo kile kilipofungwa mwaka 1933, wakati Hitler alipokwisha kushika utawala, alihamia Marekani, akafundisha huko miaka mingi. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60, alianza kazi aliyoiita Heshima kwa Mraba. Hakuiacha mpaka kufa kwake mwaka 1976. Picha hizo zimepita elfu moja.

Tazameni jinsi alivyojinyima. Umbo ni moja: mraba ndani ya mraba, mitatu au minne. Hata mahali pake pamepimwa. Nafasi inayobaki chini ya mraba wa ndani ikiwa kipimo kimoja, kila upande una viwili, na juu kuna vitatu. Alipaka rangi kwa kisu, akianzia katikati na kutoka nje. Mara nyingi hakuichanganya: aliitoa kama ilivyotoka kiwandani, na nyuma ya ubao aliandika jina la kila rangi na la aliyeitengeneza. Hakuna siri, hakuna udanganyifu wa mkono. Kila kitu kimewekwa wazi kama hesabu za procure.

Na hapo ndipo ajabu linapoanza. Rangi imepakwa sawasawa pote, lakini jicho haliioni sawasawa. Katika picha za miraba ya manjano, ukitulia, utaona mraba wa kati kana kwamba umefanywa kwa kuchanganya wa ndani na wa nje, kama kioo kilichowekwa juu ya kioo. Karibu na mpaka wake mmoja unang'aa, karibu na mpaka wa pili unafifia. Mara mraba wa ndani unakujia, mara unarudi nyuma kama chumba mwishoni mwa njia. Kwa sababu nafasi ya chini ni nyembamba na ya juu ni pana, yote yanaonekana kuwa na uzito, na hapo hapo kama kupanda. Na hayo yote Albers hakuyapaka. Alipaka majirani, na majirani wakafanya kazi.

Sasa tumjibu yule aliyecheka. Ndiyo, mtoto anaweza kukata miraba minne. Vilevile mtoto anaweza kugonga nota nne za armonio. Lakini kuchagua manjano hii kando ya manjano ile, hata mpaka kati yao uanze kupumua, ni kazi ya sikio lililozoezwa. Nataka kusema, ya jicho. Mwaka 1963 Albers alitoa kitabu juu ya rangi zinavyotendeana, na humo mazoezi ni ya makaratasi yaliyokatwa, kama lile nililowapa juu. Hakutaka wanafunzi waanze na kanuni. Aliwataka wajaribu kwanza, wakosee, waone kwamba macho yao yamedanganyika, ndipo wafahamu.

Walakini nisiwafiche kasoro. Nyingine katika picha hizo elfu zinabaki mazoezi tu. Zinaonyesha jambo, nasi tunasema «kweli», halafu tunapita. Zinafundisha jicho, lakini moyo zinauacha mlangoni. Hapo ndipo mtu wa pili anapotufaa.

III. ROTHKO NA GIZA LA HOUSTON

Mark Rothko alizaliwa mwaka 1903 katika jamaa ya Wayahudi, mjini Dvinsk, ambao leo ni Daugavpils wa nchi ya Latvia. Alifika Marekani mwaka 1913, akali mtoto. Picha zake za miaka ya 1950 ni mapande mawili au matatu ya rangi yaliyoelea moja juu ya jingine. Hayana kingo kali kama ya Albers. Kingo zake ni laini kama za wingu. Rangi ni nyepesi, tabaka juu ya tabaka, hata ile ya chini inapenya ile ya juu. Nazo ni kubwa kumpita mtu, na Rothko alitaka mtazamaji asimame karibu sana, rangi zimzunguke pande zote.

Mwaka 1964 John na Dominique de Menil, wakatoliki wa Houston katika jimbo la Texas, walimpa kazi ya kupamba kapela nzima. Bibi Dominique alikuwa ameguswa na mafundisho ya Padri Marie-Alain Couturier, Mdominiko wa Ufaransa, aliyewaita wachoraji wakubwa wa wakati wake wapambe makanisa. Mara ya kwanza kapela ilikusudiwa kwa chuo kikuu cha kikatoliki cha Mtakatifu Toma. Mwishowe, ilipofunguliwa Februari 1971, iliwekwa kwa ajili ya watu wa dini zote. Rothko hakuiona siku ile. Alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa mkono wake mwenyewe. Tumwombee.

Nyumba ina pembe nane. Ndani kuna picha 14, na mwanga unashuka kutoka paani. Saba kati yake zina pande jeusi ndani ya ukingo wa wekundu uliokolea. Saba nyingine ni violeti iliyo karibu na giza. Anayeingia kutoka jua la Texas huona mbao nyeusi tupu, na wengine hugeuka wakatoka. Lakini anayeketi hupata jambo jingine. Baada ya dakika kadhaa jicho linazoea giza. Weusi unagawanyika: huku una violeti, huku una wekundu wa udongo, huku kweli ni mweusi. Wingu likipita juu ya paa, tofauti zile zinazama. Jua likirudi, zinapanda tena. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Bohemia, Jan Purkyně, alikuwa ameona kwamba mwanga ukipungua, wekundu hufifia mbele ya ubuluu; ndiyo sababu maua mekundu huonekana karibu meusi wakati wa alfajiri, huku ya buluu yangali yakionekana. Katika kapela hii, jambo hilo si elimu ya kitabu. Mtazamaji analipata katika macho yake mwenyewe.

Hapa tuone tofauti ya watu hawa wawili. Albers anaweka majirani wanaobishana mbele yetu upesi. Rothko anaweka majirani walio karibu mno, wasiotofautiana ila kwa wenye saburi. Wa kwanza anatuamsha. Wa pili anatungojesha.

Na kasoro ya Rothko? Ni kwamba picha zake zinategemea mno mwanga wa nyumba. Alizipaka New York, lakini jua la Houston ni jingine. Tangu kufunguliwa ilionekana kwamba mwanga wa paani ni mkali mno. Wakaweka kizuizi chini yake, na kumbe kizuizi kikaleta giza lake. Mwaka 2019 nyumba ikafungwa ili dirisha la paa litengenezwe upya, ikafunguliwa tena Septemba 2020. Karibu miaka 50 watu walitazama picha ambazo jirani yao mmoja, yaani mwanga, hakuwa amekaa vizuri.

IV. NANI ANASEMA KWELI?

Tusikie mabishano yenyewe. Kwa Albers, rangi yote ni ujirani. Hakuna rangi isiyogeuzwa na mwenzake. Rothko, akiongea na mwandishi mmoja, alikataa kabisa kuhesabiwa kati ya mafundi wa ujirani wa rangi. Alisema kwamba shabaha yake ni mambo makubwa ya moyo wa mtu, msiba, furaha ya kupita kiasi, na mauti. Aliongeza kwamba anayevutwa na ujirani wa rangi tu hakufahamu picha zake.

Nadhani wote wawili wana haki, lakini si kwa namna moja. Rothko ana haki juu ya mwisho wa safari. Hakuna mtu anayelia kwa sababu violeti imekaa kando ya nyeusi, kama vile hakuna anayelia kwa sababu nota moja imefuata nyingine. Lakini hana haki anapoidharau njia. Ondoeni ule ukingo mwekundu uliokolea, badilisheni violeti ile kwa nyingine yenye kung'aa, na moyo utanyamaza. Machozi yale hayakutoka hewani. Mkono wake mwenyewe ulijua ujirani kuliko maneno yake.

Mtakatifu Toma wa Akwino anataja mambo matatu katika uzuri: ukamilifu, ulinganifu, na mng'ao. Mtu atapinga: picha nyeusi ina mng'ao gani? Ninajibu: mng'ao si wingi wa mwanga. Taa ndogo usiku yang'aa kupita taa kubwa adhuhuri, kwa sababu ya jirani yake, giza. Katika kapela ya Houston wekundu kidogo unaozaliwa ndani ya weusi una mng'ao wa kweli. Lakini unazaliwa kwa yule tu aliyekubali kungoja.

V. JE, KATIKA NYUMBA YA MUNGU?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1963, ulitangaza kwamba Eklezya haikuchagua namna moja ya sanaa kuwa yake peke yake. Basi hatuwezi kuzifukuza picha hizi kwa sababu ni ngeni. Lakini Mtaguso ule ule ulitaka desturi ya kuweka sanamu takatifu mbele ya wakristu idumu. Nayo ni haki, kwa maana Neno alifanyika mwili, na mwili una sura. Ujirani wa rangi unaweza kumtuliza mtu, kumhuzunisha, kumfungua. Hauwezi kumtajia Jina. Picha 14 za Houston ni hesabu moja na vituo vya Njia ya Msalaba, lakini hakuna hata moja inayosema nani alianguka wala nani alimpangusa uso. Nasema hivi: picha ya namna hii ni kama ukimya kabla ya somo. Ni kitu kizuri, tena chenye lazima siku hizi za makelele. Lakini somo sharti lisomwe.

Kwenu makatekista nina neno moja la pekee. Tumezoea kufundisha rangi kama maneno ya kamusi: nyeupe ni usafi, nyekundu ni damu, violeti ni kitubio. Kwa mavazi ya Misa ni sawa, maana hapo rangi ni ishara iliyoamriwa, nasi twaisoma kama bendera. Hata hivyo tukumbuke kwamba nyekundu ya Mashahidi ni pia ya Pentekoste. Lakini msiichukue kamusi hiyo mbele ya picha kama za Albers na Rothko. Ukiona wekundu ukasema upesi «damu», umekwisha kufunga macho. Uliza kwanza: wekundu huu umekaa na nani? Jirani yake anaufanya nini? Na mimi ninayetazama, ninafanywa nini?

Mfratri wetu nilimwambia aitundike picha yake ukutani juma moja, aitazame asubuhi na jioni, asiseme neno. Juma lilipokwisha alirudi. Hakusema kwamba ni nzuri. Alisema: «Padri, jioni mraba wa ndani huja mbele, asubuhi hurudi nyuma. Sijui bado kama naipenda. Lakini sasa naiona.» Nikamjibu kwamba kabla ya kuhukumu kazi ya mtu, hicho ndicho kipimo cha kwanza tunachodaiwa. Kupenda au kukataa kutakuja nyuma, na kutakuwa na haki.